Wekundu wa Tungule na Siha ya Mwili

Mpishi wa pwani akaangaye vitunguu, kisha akatia tungule zilizokatwakatwa na kuziacha motoni hata zikauke maji na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria, afanya jambo ambalo elimu ya kemia imekuja kulieleza sababu yake baadaye; kwani mafuta yale yageukayo rangi mbele ya macho yake ni ushahidi dhahiri kwamba wekundu umetoka katika nyama ya tungule.

Wekundu huo huitwa laikopini, jina ulilopewa mwaka 1903. Si wekundu wa choya, uyeyukao katika maji. Huu huyakataa maji na kuyaandama mafuta, kama ajuavyo kila aliyelaza mchuzi katika bakuli la plastiki akashindwa kulitakasa. Na ijapokuwa nasaba yake ni moja na rangi ya karoti, haugeuki kuwa vitamini A mwilini.

Tungule ikiwa mbichi, laikopini imefungiwa ndani ya kuta za chembechembe, nayo umbo lake limenyooka. Moto huzivunja kuta hizo na kulipinda umbo, na hapo, ikipata mafuta ya kuichukua, utumbo huipokea kwa wepesi zaidi. Mwaka 1992 wataalamu wa Kijerumani, Stahl na Sies, walionyesha kuwa maji ya tungule yaliyochemshwa pamoja na mafuta huongeza laikopini katika damu, hali yasiyochemshwa hayakuiongeza.

Ndani ya mwili yasadikiwa kuwa hutuliza aina kali ya oksijeni idhuruyo chembe hai. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard, waliofuatia habari za wanaume zaidi ya 47,000 huko Marekani, waliona kwamba waliokula tungule kwa wingi, hasa mchuzi wake, walipatwa na saratani ya tezi dume kwa uchache kuliko wenzao. Lakini kuandamana kwa mambo mawili si yakini kwamba moja ndilo sababu ya jingine, na mwaka 2005 idara ya chakula na dawa ya nchi hiyo hiyo, baada ya kuzipima dalili zote, iliziona kuwa haba. Kwa hiyo nasikitika nionapo vidonge vya laikopini vikinadiwa kuwa tiba, na mzee asumbuliwaye na mkojo usiku akavinunua badala ya kwenda kwa tabibu akapimwe.

Kachumbari nayo isiondolewe mezani, maana moto uufunguao wekundu ndio huo huo uipunguzao vitamini C.