Jasho la Mwanagenzi: Kabla ya Kumtuma Kijana Shambani



Mama mmoja alitujia baada ya darsa ya akina mama, uso umemjaa fikira. Mwanawe, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule na kukaa barazani mwaka mzima, ameitwa kufanya kazi ya msimu katika shamba la mboga za kilimo hai huko Sachangwan, kaunti ya Nakuru. Atapewa malazi na chakula, naye ataifunzwa kazi. Mama akatuuliza: “Sheikh, huko si ndiko walikoungua watu? Na kazi isiyo na mshahara, hiyo ni elimu au ni dhuluma?”

Naam, wengi wetu tulilijua jina la Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka barabarani, watu wakakimbilia kuteka petroli, moto ukazuka na roho zaidi ya 100 zikapotea. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Lakini mahali hapahukumiwi kwa siku moja. Sachangwan ni nchi ya juu, upande wa Molo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake hupenya mifupani, na kuna alfajiri ambazo umande huganda na kuunguza majani ya viazi. Barabara ipitayo hapo ni ile ile ianziayo kwetu Mombasa kuelekea Uganda. Kabeji, karoti na viazi tunavyonunua Kongowea vingi hushuka kutoka nyanda za juu kama hizo. Basi jasho la watu wa huko limo katika sufuria zetu kila siku.

Ama elimu, ipo, tena ya kweli. Mkulima wa kilimo hai hatumii mbolea ya kiwandani wala dawa za sumu, kwa hivyo hana budi kuujua udongo wake. Hujifunza kupanga mboji tabaka kwa tabaka, majani makavu, majani mabichi na samadi, kuinyunyizia maji na kuigeuza. Hudunga kijiti ndani ya lundo, akakichomoa na kukishika ili ajue kama joto limepanda. Palipotoka kabeji hupanda njegere au maharage, yarudishe rutuba. Hujua pareto, ua jeupe ambalo Molo imelilima kwa miaka mingi, kwamba ndani yake mna dawa ya wadudu. Mambo haya hayamalizwi kwa kusoma. Yanataka msimu mzima, tangu kitalu hadi sokoni. Si ajabu kwamba huko Molo Chuo cha Kilimo cha Baraka kinafundisha wakulima tangu 1974, na kwamba Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya ilianzishwa 1986. Na tangu 2007 Afrika Mashariki ina kanuni moja ya mazao hayo, yenye alama iitwayo Kilimohai.

Lakini shamba lisilotumia dawa ya magugu linataka mikono mingi ya kupalilia, na hapo ndipo mlango wa dhuluma hufunguka. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mwingine wa mtaa wetu alikwenda katika shamba moja la bara kwa ahadi kama hii. Alipalilia na kubeba magunia miezi mitano. Aliporudi hakujua kutengeneza kitalu wala mboji, na mfukoni hakuwa na hata nauli. Alituambia: “Wakati wa kazi nilikuwa kibarua, wakati wa malipo nikawa mwanafunzi.” Maneno hayo yalituchoma, kwani sisi ndio tuliomshauri baba yake amruhusu, wala hatukuuliza swali hata moja.

Wazazi wapendwa, dini yetu haikuliacha jambo hili gizani. Mkataba wa ijara hutaka kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Tukumbuke kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mgeni, mkimbizi, hana chochote. Aliyetoa shauri la kumwajiri alikuwa binti. Na baba wa binti huyo hakuutumia udhaifu wa mgeni. Alitaja muda wazi, miaka minane, na ikitimia kumi basi ni kwa hiari yake Musa. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ameagiza mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humhesabu mwanagenzi miongoni mwa waajiriwa. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Na kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Kwa hiyo tulimwambia mama yule asikatae wala asikubali kabla ya kuuliza. Nani atamfunza, na msimu ukiisha atakuwa anajua nini? Atalipwa kiasi gani, na lini? Atalala wapi? Akiugua nani atamtibu? Chakula ni halali? Swala ya Ijumaa ataisali wapi? Na angekuwa binti, tungeongeza: analala na nani, na mlango wa chumba chao unafungwa na nani?

Mama alipiga simu mwenyewe. Msimamizi wa shamba alisitasita, akaahidi kujibu. Siku ya nne ilikuja karatasi: miezi sita, posho ya kila mwisho wa mwezi, orodha ya mafunzo, na ruhusa ya Ijumaa. Mwezi wa kwanza hawakukubali kuulipa. Mama alisoma mara mbili, akamuuliza mwanawe, kijana akaridhia, wakatia saini.

Ameondoka juma lililopita na sweta mbili, msala, na daftari ambalo mama amemtaka aandike kila jioni alichofunzwa siku hiyo. Kurasa zikibaki tupu, mama atajua mapema.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu popote walipo, na azibariki riziki zao. Amin.