Kifua kibovu na mlima Kitonga

Swali huja mgonjwa akiwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango: "Halafu daktari, mwezi wa saba mjukuu wangu anaolewa kwetu Njombe. Nitaweza kwenda?" Mama huyu amepikia kuni zaidi ya miaka arobaini, sigara hajaigusa hata siku moja, na sasa akipanda ngazi za ghorofa moja husimama katikati. Namwomba akae tena.

Alicho nacho ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao hospitalini huitwa COPD. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5. Wengi wanaamini ni ugonjwa wa wavuta sigara tu, lakini moshi wa kuni na mkaa, vumbi la migodini na makovu ya kifua kikuu kilichotibiwa zamani vinaweza kabisa kuuleta. Wengine huuita pumu. Pumu hubana ikaachia; huu hauachii wote, hata baada ya dawa. Ndiyo maana tunampulizisha mgonjwa kwenye spirometa mara mbili, kabla ya dawa ya kufungua kifua na dakika kama 15 baadaye.

Shida yake kubwa iko katika kutoa hewa, ingawa mgonjwa mwenyewe ataapa kwamba anashindwa kuivuta. Njia ndogo za hewa zimevimba na kulegea. Akitoa pumzi kwa haraka zinajifunga, hewa iliyokwisha kazi inabaki ndani, na mpya haina pa kuingia. Ni daladala isiyoshusha abiria: sukuma upendavyo mlangoni, hupandi. Basi dawa ya kwanza ya safari haiuzwi dukani. Vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama unapoza chai, muda wa kutoa uwe mara mbili ya ule wa kuvuta. Midomo ikibanwa, njia za ndani hubaki wazi na abiria wa zamani wanashuka.

Sasa mlima wenyewe. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Basi likishapita Ruaha Mbuyuni linaanza kuukwea Kitonga. Iringa iko juu ya mita 1,500, na mji wa Njombe unakaribia 2,000. Hewa ya Njombe ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Kigamboni, ila mgandamizo wake umepungua, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mtu mzima wa afya hana habari. Mwenye mapafu mabovu anaijua tofauti hiyo mara tu anapobeba begi lake kutoka stendi.

Wapo wanaodhani ndege itawaepusha na mlima. Ndani ya ndege kubwa ya abiria hewa hushindiliwa, lakini si mpaka ifikie ya pwani. Inaweza kuwa sawa na ya mahali penye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi. Yaani unaweza kuwa juu kuliko Njombe ukiwa umekaa kitini. Na anayetumia oksijeni asifike tu uwanjani na mtungi wake, anaweza kukataliwa; aulize shirika la ndege mapema kuhusu mashine ndogo ya betri na barua ya daktari.

Kuna kipimo cha kumvutisha mgonjwa hewa yenye oksijeni asilimia 15 kwa dakika 20 kuona mwili unavyoitika. Pasipo nacho natumia varanda: namwekea kipimo cha kidoleni, tunatembea pamoja mita 50, namwangalia usoni. Mama alifika mwisho akihema, lakini bado anaongea, na oksijeni yake haikushuka sana. Angekuwa amezidiwa karibuni, kikohozi kimepanda na makohozi yamegeuka rangi, ningemwambia harusi ataitazama kwenye simu.

Inhela ikae kwenye mkoba wa mkononi. Mgonjwa wangu mmoja aliiweka ndani ya sanduku, sanduku likaingia kwenye buti, na kifua kikambana katikati ya mbuga ya Mikumi; konda alishusha mizigo ya nusu basi kuitafuta. Wengine wanayo mfukoni ila wanaona haya kuitumia mbele za watu. Kwa wanaoshindwa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako inasaidia: inhela inachomekwa tunduni bila kuacha mwanya, mdomo unawekwa kwenye mdomo wa chupa. Huko Afrika Kusini ilijaribiwa kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Na usijinyime maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame uchimbe dawa. Kaa mbele, karibu na mlango, mwambie konda hali yako kabla ya kuondoka.

Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, Kitonga si adui mkubwa. Wengi huzidiwa siku ya pili au ya tatu, jikoni. Julai Njombe ni baridi kali, mgeni wa heshima anakaribishwa karibu na moto, na kukataa kunaonekana dharau. Mama anakaa pale saa tatu, nne, akivuta moshi uleule uliomharibu. Usiku jiko la mkaa linaingizwa chumbani ili apate joto, mlango unafungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na huua hata wenye mapafu mazima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho sikumpa yeye, niliomba niongee na mwanawe kwa simu. Nanyi mnaopokea wazee wenu msimu huu, fanyeni vivyo hivyo: usiku ongezeni mablanketi, jiko libaki nje. Mchana kiti chake kiwekwe barazani penye jua, mbali na jiko, na uji umfuate hukohuko.