Dokta Atiman: Aliuzwa utumwani, akaja kuwa tabibu wa Karema

MPE kijana wa Dar barua ya ajira iliyoandikwa ‘Sumbawanga’ uone atakavyonywea. Kwanza atauliza basi linafika lini. Pili atakumbuka zile stori za shangazi kwamba huko radi hupigwa kwa oda, maana hata jina la mji wenyewe hufasiriwa kuwa ni ‘tupa uchawi’. Tatu ataanza kumtafuta mtu wa kumhamisha, na hapo hata begi hajafunga!

Basi msomaji wangu, ukijaliwa kufika, vaa sweta (baridi ya uwanda wa Ufipa si mchezo), kisha uliza Hospitali ya Dokta Atiman. Najua unachowaza: huyo lazima ni mzungu wa zamani. Wapi! Alikuwa Mwafrika mwenzetu, na kisa chake kinashinda sinema zote unazokesha nazo.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Afrika Magharibi, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Hebu jiulize, wewe ukiwa na umri huo ulikuwa unalilia nini? Mwenzio alikuwa bidhaa, anapangiwa bei kama mbuzi wa mnadani.

Bahati yake, kwenye miaka ya 1870 alinunuliwa na mapadri wa shirika la White Fathers la Kardinali Lavigerie, wakamwacha huru na kumpeleka shule. Kardinali alikuwa na wazo lake: vijana waliokombolewa wasomeshwe udaktari, kisha warudi kuwatibu Waafrika wenzao. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasomea utabibu huko.

Mwaka 1888, akiwa na miaka kama 22 tu, safari ikaanza. Siyo ya kurudi Timbuktu, bali ya kuja kwetu. Kutoka pwani kwenda bara wakati ule hakukuwa na treni wala basi, ilikuwa mguu kwa mguu, miezi kadhaa, mpaka ziwa Tanganyika. Na njia zenyewe ndizo zile za misafara, zilizokuwa zikiwateremsha watumwa na pembe za ndovu pwani. Yeye, aliyewahi kuwa mtumwa, akazipanda na dawa.

Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa, chini ya milima ya Ufipa. Kituo hicho kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawakabidhi mapadri mwaka 1885. Hapo hakuwa na ndugu, hakuwa na kabila lake, na Kiswahili ilibidi ajifunze. Lakini mgonjwa hana haja ya kujua ukoo wa daktari, anachotaka ni kupona. Atiman akawa daktari na katekista, akamwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa huko huko. Kijana wao, Joseph, akaja kuwa padri mwaka 1923.

Unajua alikaa miaka mingapi? Sitini na saba! Alifika Wajerumani ndiyo kwanza wanaitia nchi mkononi, akawaona wakiondoka, akawaona Waingereza wakiingia. Serikali zinabadilika, yeye yupo pale pale na wagonjwa wake. Kwa miaka hiyo yote, mtu aliweza kutibiwa naye utotoni, akaja kumpelekea mtoto, kisha mjukuu. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe. Akafariki mwaka 1956, mzee wa miaka kama 90, imebaki miaka mitano tu tupate Uhuru.

Karema ilikuwa mkoa wa Rukwa mpaka mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Katavi. Jimbo Katoliki lililokuwa likiitwa Karema nalo tangu mwaka 1969 linaitwa jimbo la Sumbawanga. Ndiyo maana jina la tabibu wa ziwani utalikuta limeandikwa huku juu mlimani penye baridi.

Sasa turudi kwa yule kijana wetu na barua yake. Simlaumu, mjini kutamu jamani. Ila kwenye miji mikubwa madaktari ni wengi, na ukiondoka leo, kesho kiti chako kina mtu. Huko vijijini ukiondoka, kuna mama mjamzito atabebwa kwenye machela na asipate wa kumpokea. Atiman hakuwa na deni kwa watu wa Karema. Hakuzaliwa kwao, wala si wao waliomkomboa. Alifika, akafungua dawa, akabaki.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukipangiwa huko usilie. Radi zisikutishe. Kuna mwenzio alifika kwa miguu, na mpaka leo jina lake lipo kwenye kibao cha hospitali. Haya, kazi kwako!