Je, Wajua? Fundi Aliyechonga Ndege Hadi Ndani ya Riwaya

Ukifungua kitabu cha maktaba mjini Eldoret, muhuri wa mpira hukuonyesha mwenyewe ni nani. Katika Ulaya ya zamani, kazi hiyo ilifanywa na karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya jalada, yenye jina na picha iliyochongwa na fundi.

Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza (1753–1828), alikuwa mmoja wa mafundi hao. Mwaka 1767, akiwa na miaka 14, aliingia uanagenzi kwa Ralph Beilby, aliyepokea kazi yoyote ya kuchonga, vyombo vya fedha vikiwamo.

Bewick alipenda mbao. Hakuchonga ubapa wa ubao bali kichwa chake, gogo likiwa limekatwa kwa kukingama, hivyo chombo kilikata mistari myembamba kama unywele. Alichonga kinyumenyume, kama wachonga mihuri wanavyofanya. Tofauti na bamba la shaba, lililohitaji mashine yake, kibao hicho kilichapwa pamoja na herufi. Alidai kimoja kilitoa nakala zaidi ya 900,000!

Kitabu chake cha ndege wa Uingereza, chenye picha alizochonga hivyo, kilitoka kwa juzuu mbili, 1797 na 1804. Waliosoma riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) wamekutana nacho: ndicho msichana Jane anachokisoma mwanzoni.

Bewick alikuwa na utani pia. Kati ya picha ndogo za kufungia kurasa za kitabu hicho cha ndege, moja ilionyesha mtu akijisaidia chooni. Baadaye ilibidi mtu huyo asitiriwe.