Nani Ameweka Dau? Lugha na Wadau katika Modeli za Kompyuta za Bonde la Mto Njoro

Makala haya yananuia kueleza jinsi wakulima, wafugaji na watumiaji wengine wa ardhi wanavyoshirikishwa katika kuunda modeli za kompyuta za utafiti wa kilimo endelevu, na kwa nini kazi hiyo, ambayo aghalabu huachiwa wahandisi na wataalamu wa udongo, inamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Mfano mkuu ni bonde la Mto Njoro, Nakuru.

Tuanze na istilahi. Wanaisimu tumezoea kusema ruwaza, wengine husema kielelezo. Hapa tutasema modeli kwa sababu ndilo neno lililokwisha kuzoeleka katika taaluma inayohusika. Modeli ya kompyuta ni programu inayoigiza mwenendo wa kitu halisi. Ile iitwayo SWAT, iliyobuniwa na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, hulikata bonde la mto vipande vidogo, na kila kipande kikapewa aina moja ya udongo, kiwango kimoja cha mteremko na aina moja ya matumizi ya ardhi. Ukishaiingizia takwimu za mvua, hukokotoa maji yatakayotiririka na udongo utakaosombwa.

Mdau, kwa upande wake, ni neno lenye mzaha uliofichika. Dau ni chombo cha baharini; dau pia ni fedha anayoweka mtu katika mchezo wa kubahatisha. Maana hii ya pili ndiyo inayotufaa: mdau ni yule ambaye mchezo ukienda mrama, kitu chake kinapotea. Kwa kipimo hiki, wengi wanaoketi katika safu za mbele za warsha huenda wasiwe wadau hata kidogo.

Mto Njoro huanzia katika Msitu wa Mau Mashariki, hupita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Nakuru, ambalo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Sehemu kubwa ya msitu wa juu iligeuzwa makazi na mashamba, na mwaka 2001 serikali ilitangaza rasmi kuondoa maeneo makubwa ya Mau Mashariki katika hifadhi. Kuanzia mwaka 2003, mradi wa SUMAWA uliwakutanisha watafiti wa Egerton na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo cha Wyoming, kuchunguza bonde hilo. Walitumia picha za setilaiti na modeli za mtiririko wa maji. Pia waliandaa mikutano na wakazi. Ni katika mikutano ya namna hii ndipo suala la lugha hujitokeza, kwani bonde lina Wagikuyu, Wakalenjin, Waogiek, Waturkana na wengineo, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ilhali programu yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza.

Chukua neno shamba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema maana yake ni dhahiri. Lakini pembezoni mwa misitu ya Kenya, shamba ni pia kipande cha ardhi ya serikali ambacho mkulima huruhusiwa kulima viazi au mahindi kati ya miche ya miti hadi miti itakapokua na kufunika ardhi. Mfumo huo wa shamba ulianza mapema katika karne ya 20, ukapigwa marufuku mwaka 1987, baadaye ukarejeshwa, na sasa unaendeshwa kwa jina la PELIS. Mzee akisema “shamba langu liko kule juu,” mwandishi wa takwimu ataandika nini? Akiandika ardhi ya kilimo, modeli itakisia kwamba udongo utabaki wazi kila msimu. Akiandika msitu, atakuwa ameyafuta mahindi. Mzee amesema kweli, mwandishi hakudanganya, na bado ramani imekosea.

Mfano wa pili unatugusa sisi wenyewe kwa karibu zaidi, maana kosa ni la mfasiri. Istilahi za masika na vuli zimetokana na kalenda ya pepo na mvua ya pwani. Njoro hupata mvua za Aprili na Mei, hupata za Novemba, na katikati yake kuna kilele kingine mwezi Agosti. Hojaji inayouliza kuhusu masika na vuli pekee haimpi mkulima mahali pa kuitaja mvua ya Agosti, ingawa zao lililo shambani huitegemea. Atajibu alichoulizwa, kwa adabu.

Je, haya ni malumbano ya maneno tu? Tazama jirani, Naivasha. Huko, chini ya mpango wa mashirika ya WWF na CARE, wakulima wa maeneo ya juu ya Wanjohi na Turasha walianza mwaka 2010 kupewa vocha ili wahifadhi udongo kwa kupanda matete ya mifugo na kuchimba matuta, nao watumiaji wa maji walio karibu na ziwa wakachangia malipo. Uchunguzi uliotangulia ulitumia modeli kubainisha sehemu zinazotoa mashapo mengi. Kwa hiyo rangi ya kipande kwenye ramani yaweza kuamua ni nani atakayelipwa.

Njia mojawapo ya kurekebisha mambo ilijaribiwa Senegal katika miaka ya 1990. Olivier Barreteau na François Bousquet, waliokuwa wameunda modeli ya skimu za umwagiliaji, waliigeuza kuwa mchezo wa kuigiza ambamo wakulima walishika nafasi za wahusika na kuzijaribu kanuni zake. Sisi wa fasihi tunaujua uwezo huo: mhusika aliyeandikwa vibaya hugunduliwa upesi na anayeambiwa amwigize. Mkulima asiyeweza kusoma mlinganyo anaweza kusimama na kusema, “Mimi singefungua maji siku hiyo.”

Hata hivyo, mchezo hauna faida kwa asiyealikwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka Mau. Katika modeli inayotambua msitu na kilimo pekee, mtu anayeishi msituni kwa kutundika mizinga na kurina asali hana safu ya kuandikwa. Safu hiyo lazima iombwe kabla programu haijaanza kukokotoa, na anayeweza kuiomba ni yule aliyeketi kati ya mzee na kompyuta: mkalimani.