Kompyuta Iliyoongezewa RAM Ikianza Vituko

Kompyuta ikianza kukwama au kujizima punde tu baada ya kuongezewa RAM, usikimbilie kulaumu virusi. Mimi hushuku kwanza kile kipande kipya. Zima mashine, chomoa waya wa stima, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme uliotuama mwilini usiunguze RAM. Kitoe kipande, ukirudishe na kukikandamiza hadi usikie "ta!" Ikizidi kusumbua, jaribu kimoja kimoja. Kila kimoja kikifanya kazi peke yake lakini vikigombana pamoja, huenda havilingani kwa kasi au volti. Kwa uhakika zaidi, tumia programu ya Memtest86. Kipande kikionyesha makosa kikiwa peke yake, kirudishe dukani. Usichelewe! RAM mbovu huharibu faili kimyakimya, na projekti ya muhula mzima ikapotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.