Mtoto Anapokwama Kusoma Kiingereza: Mafunzo Kutoka Nakuru



Shule zinapofungwa na watoto wakaleta ripoti nyumbani, aghalabu jicho la mzazi hutangulia kwenye mstari wa Kiingereza. Akikuta mwanawe amefanya vyema, hushukuru. Akikuta mwalimu ameandika kwamba mtoto bado hajaweza kusoma, huingiwa na hofu, na hofu hiyo mara nyingi hugeuka kuwa makaripio. Mtoto wa miaka saba huitwa mvivu, hulinganishwa na binamu yake, na kitabu anachopaswa kukipenda huwa adui yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha njia iliyo bora zaidi. Tumechagua kuitazama kutoka Nakuru na sehemu za Bonde la Ufa zilizo jirani nayo, kwa sababu mbili. Kwanza, wako ndugu zetu waliofanya makazi huko, na shida zao za malezi ni zetu. Pili, Nakuru ni miongoni mwa mahali ambapo nchi hii ilianza kulitafutia tatizo hili dawa kwa utaratibu na vipimo.

Lugha nyingi katika kichwa kimoja

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ni mji uliokua pamoja na reli, ukakusanya watu wa kila kabila. Mtoto wa Bondeni au Kaptembwo hucheza na wenzake kwa Kiswahili. Akienda Subukia kwa nyanya yake huenda akasikia Kikikuyu kutwa nzima, na upande wa Kuresoi atasikia Kikalenjin. Naivasha, kwenye mashamba ya maua, hukutana watoto wa Kijaluo, Kiluhya, Kikisii na Kikikuyu katika darasa moja. Mtoto wa Kiislamu huongeza Kiarabu cha chuoni. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mwana wa miaka saba mwenye lugha tatu masikioni na maandishi ya aina mbili machoni, moja likisomwa kutoka kushoto na jingine kutoka kulia.

Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya nchi imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pake katika miaka mitatu ya mwanzo, huku Kiingereza kikiwa somo, kisha Kiingereza kiwe ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia mwaka wa nne. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 umeufuata mwendo huo. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayefika Gredi ya Nne bila kuweza kusoma Kiingereza hafeli Kiingereza peke yake. Sayansi humpita, na swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno humpita pia, ijapokuwa kujumlisha anakujua. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo muda wa kumwokoa.

Yaliyopatikana madarasani

Mwaka 2009 shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto wa Kenya majumbani mwao. Ripoti zake za mwanzo zilionyesha kuwa takriban watoto 3 tu katika kila 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani, iliendesha majaribio ya kufundisha kusoma na hesabu katika shule za Nairobi, Thika, Nakuru na Kisumu. Yaliyofaulu katika majaribio hayo yakawa msingi wa mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za umma nchini kote.

Mambo yaliyofanywa hayakuwa ya ajabu. Kila mtoto alipewa kitabu chake, badala ya watoto kadhaa kukigombania kimoja. Kiswahili na Kiingereza vilifundishwa sambamba, kwa kuanza na sauti za herufi. Mwalimu aliandaliwa somo la kila siku, na afisa wa elimu aliyezuru darasa hakuishia kutia sahihi kitabu cha wageni, bali aliwasikiliza watoto wachache mmoja mmoja wakisoma. Sisi tunaona katika hayo jambo ambalo walimu wetu wa chuoni wamelitenda kwa karne nyingi: kila mwanafunzi na msahafu au juzuu yake, kila mmoja husomeshwa pale alipofika, na hapewi somo jipya mpaka la jana limesikilizwa.

Vipo pia viwango vilivyowekwa nchini vya kumpima mtoto wa darasa la pili. Anayesoma vizuri husoma maneno 65 ya Kiingereza kwa dakika moja, au 45 ya Kiswahili. Mzazi asishangae kuona hesabu ya Kiswahili ni ndogo. Neno letu moja, "nimekuja", kwa Kiingereza ni maneno matatu.

Mahali hasa pa kukwama

Kiswahili ni lugha yenye maandishi maaminifu. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti moja popote ilipo. Kiingereza kina sauti zinazokaribia 44, lakini herufi ni 26 tu, kwa hiyo herufi moja hufanya kazi nyingi. Tazama herufi "a" katika maneno "cat", "cake", "car" na "ball": mara nne imeandikwa, na mara nne imetamkwa namna mbalimbali.

Zaidi ya hayo, maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Mtoto aliyezoea hivyo akiona "bat" husoma "bati", akiona "hat" husoma "hati", na "kit" huwa "kiti". Akiona "same" atasoma jina la mji wa Same ulioko Tanzania. Wengi humcheka au kumkemea. Lakini zingatieni: mtoto huyo amesoma kila herufi aliyoiona, kwa kanuni aliyofundishwa. Akili yake ni nzima, ila kanuni ya lugha moja ameipeleka kwenye lugha nyingine.

Lafudhi nayo isichanganywe na kusoma. Kikikuyu hakina "l" kama ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto anaweza kulitamka neno "lorry" kwa "r" mwanzoni na katikati. Kikalenjin hakitenganishi "p" na "b", wala "t" na "d", kama Kiingereza kifanyavyo. Kijaluo hakina "sh", na "shoe" huweza kutoka kama "su". Mtoto akionyesha kiatu chenyewe, basi neno amelisoma. Ulimi utanyooka kwa kusikia, na fimbo haitaunyoosha. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Itakuwa aibu ikiwa kiboko kilichofukuzwa darasani kitapata makazi sebuleni kwetu.

Kazi ya nyumbani

Dakika kumi na tano kila siku zatosha, nazo ni bora kuliko saa mbili za Jumapili zinazoishia kwa machozi. Mama anayerudi jioni kutoka shamba la maua akiwa amechoka anaweza kumwachia kazi hiyo dada au kaka mkubwa, yeye akasikiliza huku akipika. Tunapendekeza mwendo huu.

Kwanza, mpeni kitabu cha Kiswahili. Fungueni ukurasa wa katikati, funikeni picha, mwambieni asome. Tunasema katikati kwa sababu watoto wengi huikariri kurasa za mwanzo kama kasuku. Akisoma Kiswahili bila taabu, basi kusoma anakujua, na anachokosa ni Kiingereza chenyewe. Akishindwa hata Kiswahili, anzeni hapo. Kumlazimisha Kiingereza kabla ya hapo ni kujenga ghorofa bila msingi.

Pili, fundisheni sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mtoto anayejua kwamba herufi hii huitwa "em" hajajua bado inavyosomeka, mwambieni "mmm". Anzeni na herufi zisizobadilika sana kati ya lugha hizi mbili: m, s, t, b, n, p, d, f. Ziandikeni juu ya vizibo vya soda au vipande vya katoni, azipange na kuzipangua mwenyewe.

Tatu, itumieni elimu ya chuoni. Mtoto aliyesoma irabu za Kiarabu anajua kwamba "ba" yenye fatha husomwa "ba", yenye kasra husomwa "bi", na yenye dhumma husomwa "bu". Anajua pia sukuni, ile alama inayoizuia herufi isifuatwe na irabu. Basi mwambieni kwamba "t" ya mwisho katika "bat" ina sukuni. Kwa maelezo hayo mafupi, "bati" huweza kurudi kuwa "bat". Na "e" ya mwisho katika "same" au "time" imfananishieni na ile alifu inayoandikwa mwishoni mwa baadhi ya maneno lakini haitamkwi.

Nne, irabu zifundisheni moja moja. Kaeni na "cat", "man", "hat" na "bag" mpaka azoee sauti hiyo ya "a", ndipo muende kwa irabu nyingine. Maneno yasiyotii kanuni, kama "the", "said", "one" na "come", asiyachambue. Ayatambue kwa sura, machache kwa kila juma.

Tano, msisitize maana. Kila sentensi ikiisha, muulizeni kwa Kiswahili kilichotokea. Nyumba isione haya kuzungumza lugha inayoijua vizuri. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi, vitendawili na mazungumzo mengi huwa na hazina ya mambo, na jambo analolijua huwa jepesi kulisoma kwa lugha yoyote.

Inapohitajika msaada zaidi

Wako watoto watakaopewa yote haya wakaendelea kukwama. Hao wapimwe macho na masikio kwanza, kwa kuwa asiyeona ubao vyema hawezi kulaumiwa kwa kutousoma. Kuchanganya "b" na "d" ni jambo la kawaida mpaka kama umri wa miaka saba. Likiendelea sana baada ya hapo, na mtoto akawa mzito wa kusoma lugha zote, huenda ana disleksia, hali ya kuzaliwa nayo ambayo mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hali hiyo haitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Katika Kiswahili huweza kujificha, kwa kuwa mtoto husoma kwa usahihi ila polepole mno. Kiingereza ndicho huifichua. Kenya imekuwa na vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji ya pekee tangu mwaka 1984. Mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itawaelekeza kwenye kituo kilicho karibu.

Mwisho, wekeni daftari dogo. Andikeni tarehe, na idadi ya maneno aliyoyasoma mtoto kwa dakika moja, mara moja kwa juma. Msimpime kwa hesabu ya mtoto wa jirani. Mpimeni kwa hesabu yake ya juma lililopita. Haba na haba hujaza kibaba. Daftari hilo chukueni mwendapo kuonana na mwalimu wake, kwani mwalimu mwenye darasa la watoto sitini atashukuru kuonyeshwa ni sauti gani hasa inayomtatiza huyu mmoja.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza wakisoma.